Chumba cha Chaki

Ruiru, Jumamosi, Julai 1959

Leo jua halijatoka kabisa. Tangu asubuhi kuna ule ukungu wa Julai unaolala juu ya mibuni, na matone madogo ambayo si mvua lakini yanalowesha. Vidole vyangu vina baridi na mwandiko wangu unaonyesha. Hata hivyo nimefurahi, Shajara. Nimefurahi mpaka naona haya kukuandikia.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yetu. Kikuyu ni cha kusemea nyumbani. Kiingereza ni cha mtihani, na kila neno lake naliandika nikiona kalamu nyekundu ikija. Hiki ndicho ninachoandika bila mtu kusimama nyuma ya bega langu.

Nianze mwanzoni, la sivyo furaha itanifanya niruke mambo.

Mwalimu Gathogo, anayetufundisha jiografia na hesabu, alitupa kazi wakati wa ile likizo fupi. Alisema amechoka kutusikia tukitaja viwanda vya Uingereza kama tumezaliwa huko, ilhali king'ora cha viwanda vya Thika hutuamsha kila asubuhi na hakuna anayejua kinachoendelea ndani. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kwa wenye biashara na kuwauliza swali moja: katika miezi sita ijayo, unaona biashara yako itakuwa afadhali, itabaki vile vile, au itakuwa mbaya zaidi? Wanafunzi wa Thika waulize viwanda vikubwa. Sisi ambao kwetu ni Ruiru tuulize wenye maduka madogo. Halafu tulinganishe.

Haikuwa kazi ya shule tu. Afisa wa biashara wa wilaya alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba kuna mpango wa kujenga safu mpya ya vyumba vya maduka sokoni Ruiru, lakini hawajui kama wenyeji wana moyo wa kuvichukua. Akasema atakuja shuleni mwenyewe asikie tulichopata.

Mwalimu alipotuambia hayo nilikaza macho kwenye dawati. Nilikuwa namfikiria Baba.

Baba ni fundi wa nguo. Hana duka. Cherehani chake kinakaa kwenye baraza ya duka la Mzee Ndung'u, kati ya nguzo mbili, na mvua ikija upande ule yeye hugeuka mgongo akaikinga nguo ya mtu kwa mwili wake. Mwezi uliopita Mzee Ndung'u alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba ikifika Krismasi ataihitaji baraza yake. Mwanawe anataka kuuzia mafuta ya taa pale. Kwa hiyo safu mpya ikijengwa, Baba ataomba chumba. Isipojengwa, cherehani kitarudi nyumbani chini ya kitanda, na Baba atarudi kwenye shamba la kahawa kufanya kibarua kama zamani. Nyumbani sote tunalijua hilo. Hakuna anayelisema wakati wa chakula.

Basi likizo ilipofika nilichukua karatasi na penseli nikaenda sokoni.

Wewe unajua jinsi nilivyo. Mtu akinisalimia ghafla nasahau jina langu. Kusimama mbele ya mtu mzima na kumuuliza habari za mali yake kulinifanya nijisikie nimevaa nguo za mtu mwingine. Lakini niliuliza. Nilimuuliza Mama Wangui, mwenye hoteli ya chai na mandazi. Nilimuuliza Njuguna anayetengeneza baiskeli, na mchinjaji jirani yake, na wenye maduka ya sukari na chumvi, na mwenye kinu cha posho. Mwisho nilimuuliza Baba, mbele ya wateja, nikijaribu kutumia sauti ya kazi.

"Mbaya, mwanangu," alisema Mama Wangui. "Andika mbaya."

"Mbaya zaidi," alisema Njuguna. "Kuna lingine?"

Na Baba, bila kuondoa mguu kwenye pedali, alisema, "Mbaya zaidi."

Wote. Mmoja tu alisema itabaki vile vile, naye nadhani hakunisikia vizuri kwa kelele ya kinu.

Jumatatu tulirudi shuleni. Siku za shule mimi hulala kwa shangazi yangu Thika, na usiku ule sikupata hamu hata ya kusoma. Asubuhi Mwalimu aligawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa wa viwanda vikubwa, na Kamau ndiye aliyesimama kuusoma.

Nikueleze Kamau. Yeye hukaa dawati la nyuma, ana sauti ya mnadani, na mjomba wake ni karani wa lango katika kiwanda cha mikebe, ndiyo maana aliweza kuingia kila mahali. Alisoma kana kwamba viwanda vile amevijenga yeye. Kiwanda cha mikebe, afadhali. Kiwanda cha mananasi, afadhali sana. Kiwanda cha ngozi, afadhali. Kila jibu Mwalimu aliliandika ubaoni.

Halafu zamu yangu. Nilisoma jibu la kwanza na la pili, na nilipofika la tano darasa lilikuwa limeanza kucheka kwa chini.

"Wairimu ametuletea matanga," alisema Kamau. "Tuchange tununue sanda."

Hata Mwalimu aliuma mdomo asicheke. Lakini alipomaliza kuandika aliutazama ubao, akasema polepole, nadhani akijisemea, "Afisa akiona hivi atauliza safu mpya ya nini. Watu wenyewe wamekwisha kata tamaa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe, kwa karatasi yangu mwenyewe, kumnyima Baba chumba.

Wiki ile ilikuwa ndefu.

Ijumaa nilirudi nyumbani, na Jumamosi, yaani wiki moja kamili kabla ya leo, Mama alinituma nimpelekee Baba chakula cha mchana. Duka la Mzee Ndung'u lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda harusini. Soko lilikuwa kimya. Kwenye baraza nilimkuta Baba amepiga magoti kwenye saruji, utepe wa kupimia shingoni, chaki yake bapa ya bluu mkononi, anachora mstari.

"Baba, unapima nini?"

Alishtuka kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye kopo la sukari. "Hakuna. Napima tu."

Niliweka chakula chini nikaangalia. Kulikuwa na mistari minne mirefu, na ndani yake vipande vidogo, na mahali pawili mstari ulikuwa umekatika.

"Hapa ni mlango?"

"Hapo si mlango, hapo ni dirisha," alisema upesi, kana kwamba nimemkosea adabu mtu. "Mlango uko huku, upande wa barabara. Mtu akipita aone suruali zimetundikwa."

Baada ya hapo hakuweza kujizuia. Cherehani kitakaa chini ya dirisha ili macho yake yapumzike. Kule kutakuwa na cherehani cha pili, cha binamu yangu Njeri, kwa sababu Njeri anajua kushona vitundu vya vifungo kuliko Baba mwenyewe. Meza ya kukatia itakuwa ndefu, kitambaa kisiburute chini. Pazia kwenye kona, ili mwanamke ajaribu gauni bila kuangaliwa na soko zima. Na ukutani, hapa, kioo.

"Kioo cha namna gani?"

"Cha kukuonyesha mpaka viatu," alisema Baba. "Ruiru yote hakuna fundi mwenye kioo cha kukuonyesha mpaka viatu. Mtu anavaa suti, anaona tumbo peke yake."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nilingoja amalize.

"Lakini Baba, uliniambia biashara itakuwa mbaya zaidi."

"Na ni mbaya."

"Na cherehani cha pili?"

Alinitazama. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita Maitu, yaani mama yangu, na akiliita jina hilo kwa utaratibu fulani najua nimeuliza jambo la kitoto.

"Maitu, ulikuja na karatasi. Umeweka penseli sikioni. Miaka yote hii ya Hali ya Hatari, mtu akija na karatasi hapa amekuja kuandika majina, na tunajua majina yale yalikwenda wapi. Hilo moja. La pili, Mzee Ndung'u yuko dirishani anasikia. Jirani yuko hapo. Wateja wako hapo. Ulitaka niseme mambo ni mazuri? Nani anasema hivyo?" Akaanza kucheka. "Babu yako alikuwa na mbuzi wengi mpaka hangeweza kuwaona wote akiwa amesimama mahali pamoja. Mtu akimuuliza mbuzi wanaendeleaje, alisema, 'Wako hapo tu, wanakohoa.'"

Nilicheka pia, halafu nikaacha kucheka.

Maana sasa nilielewa nilichofanya. Nilidhani nimewauliza swali. Kumbe nilikuwa nimewasalimu. Nilikuwa nimepita duka baada ya duka nikisema habari, na kila mtu mwenye malezi alinijibu kama inavyojibiwa. Hapa kwetu mwenye ng'ombe wanono hasemi ni wanono, mwenye watoto wengi hataki uwahesabu, na mwenye duka linalokwenda vizuri anasema mbaya ili liendelee kwenda. Mimi nimekulia katika jambo hilo tangu kuzaliwa. Halafu nikaliandika kwenye karatasi ya shule kama kwamba nimetoka nchi nyingine.

"Baba," nikasema, "nipe chaki yako."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Akavunja kipande akanipa.

Sikuchukua karatasi safari hii. Penseli niliiacha kwenye cherehani. Nilikwenda kwa watu wale wale, na kwa kuwa ni mwoga, maneno yangu yalikuwa machache, na nadhani hilo lilisaidia. Nilisema: ukipewa chumba kwenye safu mpya, utakipangaje? Nikanyoosha chaki.

Mama Wangui hakuihitaji. Alikuwa amemwaga unga wa kukandia mezani, akachora ndani yake kwa kidole. Meko mawili. Benchi la madereva wa malori, mbali na benchi la wazee, kwa sababu madereva hula upesi na wazee hawaondoki. Nyuma hakutaka mlango.

"Dirisha tu," alisema. "Moshi utoke, na asiyelipa asitoke."

Kisha akaona ninatabasamu, akaufuta mchoro wote kwa kiganja na kusema, "Lakini biashara ni mbaya. Usisahau."

Njuguna alichora kwenye udongo kwa spoki ya gurudumu. Baiskeli zitaning'inia darini kwa waya, ziache nafasi ya kupita. Atachukua wanagenzi wawili. Mchinjaji alipoona Njuguna anachora alikuja na kisu chake mkononi, akachora chumba chake ubavuni, na hapo hapo wakaanza kugombana.

"Wewe kaa upande ule mwingine," alisema Njuguna. "Sitaki nzi wako kwenye minyororo yangu."

"Na mimi sitaki grisi yako kwenye nyama. Sogeza ukuta."

"Ukuta ni wangu."

"Umejenga lini?"

Walibishana juu ya ukuta usiokuwepo mpaka mteja wa Njuguna akachukua baiskeli yake na kuondoka bila kutiwa upepo. Na hawa ndio watu walioniambia, uso kwa uso, kwamba mambo yatakuwa mabaya zaidi.

Nilirudi nyumbani na kichaki kidogo kama ukucha. Kila mtu alikuwa na chumba tayari. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja nifikiri.

Usiku nikiwa kitandani nilijiuliza: na wale wakubwa je? Nisingeweza kuwauliza watu wangu swali jipya na kuwaacha wa Kamau na swali la zamani. Huo haungekuwa ulinganisho. Kwa hiyo ilinibidi nizungumze na Kamau.

Nilijitayarisha njia nzima ya kurudi Thika. Jumatatu wakati wa mapumziko nilimwendea akiwa na wenzake, nikamwekea mkononi kipande kipya cha chaki ya Baba.

"Waulize wakipewa jengo jingine ubavuni mwa hili, watalipangaje. Halafu uwape chaki."

"Nimpe meneja chaki?" Aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Wairimu anataka nifukuzwe Thika."

"Unaogopa?"

Sijui neno lile lilitoka wapi. Mimi, kumuuliza mtu kama anaogopa. Wenzake walipiga kelele, na baada ya hapo ilimbidi aende.

Alhamisi alinitafuta mwenyewe. Hakuwa na ile sauti ya mnadani. Alifungua mkono nikaiona chaki, karibu nzima kama nilivyompa.

Meneja wa kiwanda cha ngozi alimwambia mambo ya majengo huamuliwa Nairobi. Yule wa mananasi alisema Nairobi nao wanangoja barua kutoka ng'ambo, kisha akampa mkebe wa mananasi. Wa mikebe alicheka sana kuiona chaki, akasema si kazi yake.

"Na unajua," alisema Kamau, akikuna kichwa, "yule wa mikebe safari ya kwanza alisema afadhali kabla sijamaliza swali. Mimi sikulijali."

"Lakini ncha ya chaki imetumika," nikasema.

Kamau alitazama pembeni. "Hiyo ni mjomba."

Mjomba wake, karani wa lango, alikuwa amesimama akisikiliza yote. Meneja aliporudi ndani alimwomba Kamau ile chaki, akachora kwenye sakafu ya kibanda cha mlinzi. Alichora duka dogo. Rafu, kaunta, na kiti cha mkewe karibu na mlango ili aweze kuzungumza na wapitaji. Duka lenyewe litakuwa kwao Gatongora, siku akiacha kazi. Alipomaliza akalifuta kwa kiatu.

"Nimwandike wapi?" aliniuliza Kamau. "Yeye ni wa kiwanda kikubwa, lakini duka lake ni dogo."

Mpaka leo hajaandikwa popote.

Sitaki kuwaonea wakubwa, Shajara. Sidhani walidanganya. Pengine mambo yao yatakuwa afadhali kweli, na natumaini hivyo, maana nusu ya Thika inakula kutoka kwao. Lakini nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kwetu kusema mbaya ni adabu. Kwao kusema afadhali ni adabu vile vile. Meneja hawezi kumwambia mgeni kwamba mambo si mazuri, kama Baba asivyoweza kumwambia jirani kwamba ni mazuri. Ukiyaandika majibu yale kwenye safu mbili na kuyalinganisha, unalinganisha adabu na adabu. Tofauti yenyewe iko kwenye chaki. Kiwandani anayejibu si yule anayeamua, na anayeamua hata hayuko Thika. Sokoni anayejibu, anayeamua, na atakayefagia jioni ni mtu mmoja.

Mwalimu Gathogo alipoyasikia hayo, aliniomba niyarudie. Kisha akasema nitayasema mimi mwenyewe mbele ya afisa.

Nilitaka kuugua. Kweli, niliomba homa.

Jana alikuja. Mzungu mrefu, kofia mkononi, anasema kile Kiswahili cha walowezi wa mashamba. Mwalimu alinitaja, nikasimama mbele na karatasi yangu. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Maandishi yangu mwenyewe yalikuwa hayasomeki.

Huko nyuma mtu akasema, "Achore."

Ilikuwa sauti ya Kamau. Haikuwa ya kudhihaki.

Mwalimu alinitazama, akaanza kusogeza madawati ukutani, na wengine wakamsaidia. Mimi nilikuwa na utepe wa zamani wa Baba mfukoni na kipande kingine cha chaki yake, maana nilikuwa nimevibeba kama watu wabebavyo kitu cha kuwapa nguvu. Nikapiga magoti. Kamau alikuja bila kuitwa akashika ncha ya utepe. Nilichora chumba cha Baba kwenye sakafu ya darasa, kwa ukubwa wake wenyewe. Ukuta, ukuta, dirisha. Meza ndefu. Cherehani cha kwanza, cherehani cha Njeri. Pazia. Kioo.

Nilipomaliza nilisimama pembeni. Magoti yangu yalikuwa ya bluu.

Afisa alikuja karibu aone vizuri. Akafika kwenye mstari, mguu wake ukasimama hewani kidogo, akaurudisha.

"Mlango iko wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha. Naye akazunguka, Shajara. Mtu mzima na viatu vyake vikubwa, alizunguka ukuta wa chaki mpaka upande wa barabara, akaingia kwa kupitia mlangoni. Hakuna aliyecheka. Alisimama katikati ya chumba akitazama huku na huku kama mteja.

"Na hii hapa ni nini?"

"Kioo, Bwana," nikasema. Sauti ilikuwa imerudi, sikuona iliporudi. "Cha kumwonyesha mtu mpaka viatu."

Akatazama viatu vyake. Hapo nilianza kusema, na sikuacha mpaka nilipomaliza yote. Nilimwambia kuhusu meko ya Mama Wangui na ukuta wa Njuguna na mchinjaji. Nilimwambia jinsi tunavyojibu mtu akituuliza hali. Kamau alisimama akaonyesha chaki iliyorudi kutoka viwandani, akasema na la mjomba wake bila kumtaja kwa jina. Afisa aliichukua ile chaki akaigeuza geuza.

"Hawa watu nasema mbaya, mbaya," alisema mwishowe, "lakini mlango iko tayari."

Akamwambia Mwalimu kwamba Jumatatu atakuja sokoni Ruiru na mpimaji, wapige vigingi kwenye ardhi ya ile safu. Na wenye kutaka vyumba wawepo, kila mmoja aonyeshe chake. Kisha akatoka. Alitoka kwa mlango wa chaki kwanza, halafu kwa mlango wa darasa.

Mwalimu Gathogo hana tabia ya kusifu. Alisema, "Wairimu, chumba hiki tusikifute leo." Basi tukasoma historia madawati yakiwa ukutani.

Leo asubuhi nilikwenda barazani kumwambia Baba. Nilimsimulia yote kwa mpangilio, naye aliendelea kushona, kichwa chini, mguu kwenye pedali, kama kwamba namsomea habari za nchi za mbali. Suruali ya mtoto wa mtu ilikuwa inapita chini ya sindano. Nilipomaliza, alikata uzi kwa meno.

"Alipitia mlangoni?" aliuliza.

"Alipitia mlangoni."

Cherehani kilinyamaza. Baba alikaa hivyo, mikono juu ya ile suruali ndogo, akitazama barabarani ambako hakukuwa na kitu ila ukungu. Kisha akanigusa kichwani, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokuwa wa kubebwa, na akarudi kwenye kazi.

Baadaye kidogo Mzee Ndung'u alifungua dirisha la duka lake, akatoa kichwa kama afanyavyo kila siku.

"Fundi, biashara waionaje?"

"Mbaya tu, Mzee," alisema Baba. "Mbaya." Hakunitazama, maana angenitazama tungecheka wote wawili.

Jioni ilipofika nilichukua ufagio nifagie baraza. Mistari ya wiki iliyopita imefifia kwa nyayo za wateja, lakini ukiinama bado unaiona. Nilianza upande ule, na Baba akasema, akiwa bado anafunika cherehani chake, "Anzia huko kwingine, Maitu. Huku niachie mpaka Jumatatu."

Sasa nimekaa na wewe na taa. Mama amelala. Najua bado chumba si chetu. Mpimaji anaweza kupima na wengine wakapewa. Lakini Jumatatu Baba atasimama kwenye ardhi ile na utepe wake shingoni, na mtu atamuuliza mlango uko wapi, na yeye anajua.

Nimejiuliza kitu kimoja kabla ya kufunga. Mimi je, nikipewa chumba, nitakipangaje? Nilidhani sina jibu. Nikachukua kile kichaki kidogo kama ukucha, nikachora kwenye jalada lako kwa ndani. Umeona mwenyewe ni chumba cha namna gani, na vitabu gani viko kwenye rafu, na nani amesimama mbele ya madawati akizungumza bila karatasi.

Usimwambie mtu. Na ukiulizwa masomo yangu yanaendeleaje, sema mbaya. Mbaya zaidi.